Bwana Sprague, aliyewafungua farasi wa tramu

Mombasa haikupata kuwa na tramu ya umeme. Tulichokuwa nacho ni troli: kigari chenye kiti na paa la turubai, kikisukumwa na vijana wenye nguvu zao juu ya reli ya futi mbili, baina ya Mji wa Kale na Kilindini, tangu mwisho wa karne ya 19 hadi miaka ya 1920. Reli zile zenyewe zilikuwa masalio ya njia ya gari moshi ambayo kampuni ya Kiingereza ya IBEA ilianza kuitandika mwaka 1890 ikachoka baada ya maili chache. Walakini wazee wetu waliozunguka duniani walizijua tramu za umeme. Aliyekwenda Bombay kwa biashara alizikuta huko kuanzia mwaka 1907. Aliyekwenda Cairo kusoma Azhar alizikuta tangu 1896, na Istanbul zilifika mwaka 1914, muda mchache kabla ya vita vikuu vya kwanza.

Leo twataka kumsimulia msomaji habari za mtu ambaye bila yake magari hayo yangalichelewa sana kuwafungua farasi na punda waliokuwa wakiyavuta. Jina lake ni Frank Julian Sprague, Mmarekani, aliyefariki mwaka 1934. Mafundi wa umeme na wa reli wanamjua vizuri, wamemwita baba wa usafiri wa umeme. Mtu wa kawaida ni shida kumjua. Hata huko kwao ukiuliza ni nani aliyeleta tramu ya umeme, aghalabu utatajiwa Edison. Kosa hilo lina historia yake, na historia hiyo ndiyo iliyotufanya tuishike kalamu.

KITAKO CHA CHUMA

Kabla ya kuingia katika maisha yake, yafaa msomaji aelewe kitu kimoja cha tramu ambacho abiria hakitazami. Gari la tramu lina sehemu mbili. Juu ni bodi, chumba cha mbao chenye viti na madirisha na rangi zake nzuri. Chini yake ni kitako cha chuma: fremu iliyobeba ekseli, magurudumu, springi, breki na mota. Bodi ikichakaa hubadilishwa juu ya kitako kile kile, na kitako kikichoka huondolewa, bodi ikawekewa kingine. Kwa hivyo umri wa gari na umri wa miguu yake si lazima ulingane.

Miji mingi ya dunia ilipoziacha tramu, katikati ya karne ya 20, bodi ziliuzwa kwa bei ya kuni. Watu wakazifanya mabanda ya kuku, stoo za mashamba na vijumba vya likizo. Vitako vilikwenda kuyeyushwa. Sasa wapo watu, katika Uingereza, Marekani na kwengineko, wanaozitafuta tramu hizo na kuzirudisha katika hali yake kwa ajili ya majumba ya makumbusho. Bodi huipata shambani bila ya miguu. Itabidi watafute kitako kinachofaa, na vingi vimepatikana katika miji iliyochelewa kuacha tramu au isiyoziacha kabisa: Porto, Lisbon, Brussels. Na hapo ndipo kazi huanza, kwani kitako kilichokaa miaka mingi kwenye bohari hakina cheti cha kuzaliwa. Ni nani aliyekitengeneza? Ni wa mji gani? Ni wa mwaka gani?

Wanavyuoni wa hadithi hawapokei maneno mpaka wajue yamepokewa na nani kutoka kwa nani. Hawa wa vitako nao, tukifananisha kwa adabu zetu, wana isnadi yao. Kwanza huzitazama fremu za ubavuni. Kitako maarufu kupita vyote, kile cha kampuni ya J. G. Brill ya Philadelphia kilichoitwa 21E, fremu zake zilifuliwa kwa chuma kizima, ilhali vile vya Peckham wa New York viliungwa kwa vipande vilivyofungwa pamoja kama mihimili ya daraja. Kisha husugua kutu kwenye vifuniko vya sanduku za ekseli, maana hapo ndipo wenye karakana walipopenda kutia majina yao kwenye chuma cha kusubu. Hupima urefu baina ya ekseli mbili, tena hupima upana baina ya magurudumu: ukipata milimita 900 moyo wako utakwenda Lisbon, ukipata futi tano na inchi mbili na robo utakwenda Philadelphia, ambako reli zilitandikwa kwa kipimo chao wenyewe. Vipo vitako ambavyo magurudumu mawili ni makubwa na mawili ni madogo. Hivyo vilifanywa ili uzito mwingi wa gari ukae juu ya magurudumu yanayozungushwa na mota, yasiteleze.

Si kazi ya kuaminiwa haraka. Kitako cha 21E kilisifiwa mno hata makarakana ya Uingereza, kama Brush wa Loughborough, yakatengeneza vya namna hiyo hiyo, na anayetazama kwa mbali hatavitambua. Kibati cha mota nacho hudanganya. Mota zilibadilishwa mara kwa mara, na kibati chenye jina la Westinghouse au General Electric au Dick, Kerr hukueleza habari za mota tu. Fremu iliyoibeba yaweza kuwa imetoka bara jingine.

Mzee Brill mwenyewe, John George Brill, alikuwa Mjerumani wa Kassel aliyehamia Philadelphia mwaka 1847, akaanzisha karakana yake mwaka 1868. Alikufa mwaka 1888. Mwaka huo huo, katika mji wa Richmond, kijana mmoja mwenye umri wa miaka 30 aliifanya biashara ya watoto wa Brill iwe kubwa kuliko alivyoweza kuota. Jina la Brill limo kwenye vyuma dunia nzima. La kijana yule ni taabu kuliona.

MTOTO WA SHANGAZI

Frank Sprague alizaliwa tarehe 25 Julai, 1857, katika mji wa Milford, jimbo la Connecticut. Mama yake alifariki mwaka 1866, yeye akiwa bado hajatimiza miaka tisa. Baba hakuweza kulea. Alikwenda zake magharibi kutafuta riziki, na Frank na ndugu yake mdogo wakapelekwa North Adams, jimbo la Massachusetts, kwa shangazi yao aliyekuwa mwalimu. Shangazi yule ndiye aliyemkuza, na wanaotafuta asili ya ukaidi wake wa kazi na waanzie hapo.

Shuleni alikuwa hodari wa hesabu. Mwaka 1874 alikwenda mji wa Springfield kufanya mtihani wa kuingia chuo cha jeshi la nchi kavu. Alipofika, mtihani uliokuwapo ulikuwa wa chuo cha jeshi la majini, kule Annapolis. Alikaa akaufanya huo huo, akawashinda wenziwe. Basi mtoto wa bara akawa baharia kwa bahati.

Alimaliza chuo mwaka 1878, akapangwa katika manowari iliyokwenda bahari za Asia. Baharini, wakati wa zamu zake za mapumziko, alikuwa na kitabu anachochora mitambo aliyoifikiria: mota, dainamo, taa. Baadaye, katika manowari nyingine iliyoitwa Lancaster, alitandika nyaya za kengele za umeme, za kwanza katika meli za jeshi la Marekani.

Mwaka 1882 alipewa ruhusa ya kwenda London kutazama maonyesho ya umeme katika jumba la Crystal Palace. Alifanywa katibu wa kamati ya majaji, akanogewa na kazi, akapitisha siku za ruhusa yake. Kwa askari hilo ni jambo la kufikishwa mahakamani. Alichomwokoa ni ripoti yake, ndefu na yenye vipimo, ambayo wakubwa walipoisoma walinyamaza. Lakini kubwa alilolipata London halikuwa katika maonyesho. Kila siku alisafiri kwa reli ya chini ya ardhi, na siku hizo treni za chini zilivutwa kwa moshi. Watu walikohoa ndani ya handaki, macho mekundu, nguo nyeusi. Sprague akawaza: umeme ungefaa humu.

KWA EDISON, NA KUTOKA

Mwaka 1883 aliacha jeshi akaajiriwa na Thomas Edison. Edison alikuwa ameshapata sifa ya taa, na njia yake ya kazi ilikuwa kujaribu na kujaribu tena hadi kitu kikubali. Sprague alikuwa mtu wa hesabu. Alionyesha kwamba unene wa nyaya za mji mzima waweza kupigiwa hesabu kwenye karatasi kabla ya kununua hata waya mmoja. Ilikuwa faida kubwa kwa Edison. Hata hivyo Edison alitaka taa, na Sprague alitaka mota. Mwaka 1884 waliachana, na Sprague akaanzisha kampuni yake mwenyewe pamoja na Edward Johnson, aliyekuwa mtu wa Edison pia.

Mota yake ya kwanza ilisifiwa na Edison mwenyewe. Ilikwenda kwa kasi moja hata mzigo ukiongezeka, na haikutoa cheche. Mota zake nyingine ziliweza, gari linapoteremka mlima, kurudisha umeme kwenye waya badala ya kuupoteza kwa breki. Jambo hilo magari ya umeme ya siku hizi hulitangaza kama jipya.

Ila tatizo la gari la reli halikuwa mota peke yake. Lilikuwa namna ya kuifunga mota. Ukiiweka ndani ya bodi, ni lazima uunganishe na magurudumu kwa mikanda au minyororo, na bodi inaporuka juu ya springi zake mnyororo hulegea na kukaza, mara ukatoka. Ukiifunga imara juu ya ekseli bila ya springi, kila pigo la reli hupiga mota, nayo huvunjika. Waliomtangulia walikwama baina ya mawili hayo. Na walikuwapo waliomtangulia, tusimpe sifa ya wengine: Siemens aliendesha tramu ya umeme karibu na Berlin mwaka 1881, Leo Daft alijaribu Baltimore mwaka 1885, na Van Depoele, Mbelgiji aliyehamia Marekani, alikuwa na njia zake katika miji kadhaa. Nyingi za njia hizo zilikuwa fupi, au zilisimama kila mara.

Sprague aliifunga mota hivi. Upande mmoja aliukalisha juu ya ekseli yenyewe kwa beringi. Upande wa pili aliuning'iniza kwa springi kwenye fremu ya kitako. Gurudumu likipanda na kushuka, mota huzunguka kidogo pamoja na ekseli, na umbali baina ya ekseli na mota haubadiliki hata kidogo. Kwa hivyo meno ya giya hukaa yameshikana daima. Wenyewe waliufananisha mfumo huo na wilbaro: gurudumu upande mmoja, mikono inayoinuliwa upande wa pili. Ni jambo dogo la kutazama, tena mtu akilieleza lasikika jepesi. Lakini tangu hapo mota ilipata makao yake chini ya gari, na kitako kikawa kitu cha kujitegemea, chenye watengenezaji wake na majina yake. Vitako vyote tulivyovitaja, vya Brill na Peckham na Brush, vilifanywa ili kubeba mota iliyoning'inizwa namna hiyo.

Mwaka 1886 alifanya majaribio katika kipande cha reli kando ya kiwanda cha sukari, New York. Alialikwa tajiri Jay Gould, mwenye sauti katika reli za juu za Manhattan. Sprague, kwa kutaka kuonyesha nguvu za mashine yake, aliongeza umeme kwa ghafla. Fyuzi iliyokuwa karibu na mgeni ikapasuka kwa kishindo na mwanga. Gould alitaka kuruka nje ya gari. Aliposhuka hakurudi tena, na biashara ya New York ikafa siku hiyo.

RICHMOND

Mwezi wa Mei 1887 Sprague alitia sahihi mkataba ambao mtu mwenye akili timamu asingeutia. Mji wa Richmond, Virginia, ulitaka tramu. Alitakiwa ajenge maili 12 za njia na nyaya zake, kituo cha kufua umeme, na magari 40 yenye mota 80, yote kwa siku 90. Angelipwa dola 110,000, na asingepata malipo hayo mpaka njia ifanye kazi siku 60 bila ya lawama. Siku hizo hapakuwa na njia ya tramu za umeme ya ukubwa huo mahali popote duniani. Yeye mwenyewe alikuwa na michoro na majaribio tu.

Mara tu baada ya kutia sahihi aliugua homa ya matumbo. Wiki nyingi alikuwa kitandani, na kazi ikashikwa na vijana wawili waliopitia vyuo vya jeshi kama yeye, Oscar Crosby na Dana Greene. Alipopata nafuu akaenda Richmond kuona alichokiahidi. Reli zilitandikwa ovyo juu ya udongo mwekundu, mvua ikinyesha zinacheza. Kona ni kali. Na milima! Mahali pengine kwa kila futi mia moja njia hupanda futi kumi. Mafundi walishaamini kwamba gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma litateleza hapo, hata likiwa na mota ya nguvu namna gani.

Usiku mmoja, mwisho wa mwaka 1887, aliamua kujaribu. Gari lilipanda kilima baada ya kilima, mpaka juu kabisa. Watu waliokuwa wakitoka katika michezo wakalizunguka na kushangilia. Lakini Sprague alihisi kwamba mota imeungua ndani. Akawatangazia watu kwamba kuna hitilafu ndogo ya umeme, akamtuma msaidizi wake akalete vyombo vya kutengenezea, kisha akazima taa akalala kwenye kiti akingoja watu watawanyike. Baada ya muda mrefu vyombo vikafika gizani: nyumbu wanne, wakalivuta gari kulirudisha bandani.

Kamba hukatikia pabovu, na pabovu palikuwa penye giya. Mota ilikuwa ikifanya kazi kupita kiasi kwa kuwa giya zilikuwa za hatua moja. Sprague alipanda treni mpaka Providence, kwa mabingwa wa kukata meno ya giya, akaagiza za hatua mbili. Mota zote zikafunguliwa zikafungwa upya. Kisha kile kigurudumu kinachogusa waya wa juu kilikuwa kinatoka kwenye waya; walijaribu namna nyingi mno kabla ya kupata inayotulia. Brashi za shaba za mota zililika upesi, na kila usiku mafundi walifanya kazi ya kuzibadilisha. Radi nayo ilipiga nyaya. Tarehe 2 Februari, 1888, njia ilifunguliwa rasmi, na bado kila siku kulikuwa na gari lililokwama mahali. Baada ya kupiga hesabu, Sprague na wenziwe walikuwa wametoa mifukoni mwao kiasi cha dola 75,000 zaidi ya walichopata.

Hasara hiyo ililipwa kwa usiku mmoja. Henry Whitney, mkuu wa kampuni ya tramu ya Boston, kampuni yenye maelfu ya farasi, alifika Richmond katika mwaka huo wa 1888. Alikuwa karibu kuamua kuvuta magari yake kwa kamba za chuma zinazopita chini ya barabara. Watu wake walikuwa na swali: je, ikiwa magari mengi yatasongamana mahali pamoja kisha yaondoke kwa wakati mmoja, umeme utatosha? Swali la haki, na hakuna aliyejua jibu. Usiku, baada ya abiria kwisha, Sprague aliyapanga magari 22 moja nyuma ya jingine kwenye mwisho wa njia, ambako umeme ni dhaifu. Fundi wa kituo aliambiwa azidishe moto na asiachilie mashine ife. Ishara ya taa ikatolewa, na magari yakaanza kuondoka, mmoja mmoja, upesi kadiri nafasi ilivyopatikana. Taa zikafifia mpaka zikawa kama makaa yanayozimika. Magari yakaendelea. Kidogo kidogo taa zikarudi, na yote 22 yakapotea mbele ya macho ya Whitney. Boston ikaamua umeme.

Baada ya Boston hapakuwa na kizuizi. Katika miaka miwili hivi zaidi ya njia mia moja zilijengwa au kuagizwa kwa vyombo vya Sprague. Italia njia yake ya kwanza ya namna hii, ya Florence kwenda Fiesole, ilifunguliwa mwaka 1890 kwa mfumo wake. Ujerumani mji wa Halle ulifuata mwaka 1891 kwa kutumia hati zake za uvumbuzi. Mwaka 1902 Marekani ilikuwa na zaidi ya maili 20,000 za njia za tramu za umeme, na farasi wa tramu alikuwa amebaki mtu wa kutafutwa.

JINA LAFUTWA

Vyombo vya Sprague vilikuwa vikitengenezwa katika viwanda vya Edison. Mwaka 1890 kampuni kubwa ya Edison iliinunua kampuni ya Sprague. Kwa fedha hakudhulumiwa. Lakini upesi alitambua kwamba jina lake linaondolewa. Mitambo iliyoitwa ya Sprague ikaanza kuitwa ya Edison, katika matangazo na katika chuma chenyewe. Alilalamika, hakusikizwa, akajiuzulu mwaka ule ule. Miaka miwili baadaye kampuni ya Edison nayo iliunganishwa na nyingine ikawa General Electric, na jina la Edison likafutwa vile vile. Wapo watakaosema kwamba hiyo ni haki ya Mungu; sisi twasimulia tu.

Wahenga wa pwani walisema Mgala muuwe na haki yake mpe. Edison hakuhitaji sifa ya mtu mwingine, alikuwa nazo za kutosha. Ila jina kubwa ni kama mti mkubwa: kilicho chini yake hakipati jua. Na tazama mambo ya ulimwengu: mwaka 1910 chama cha wahandisi wa umeme cha Marekani kilimtunukia Sprague nishani yake ya juu kabisa kwa kazi alizozifanya. Nishani hiyo yaitwa Nishani ya Edison. Aliipokea.

Hakukaa akilia. Alipotoka kwa Edison aliingia katika lifti, akazitengeneza za umeme za kupanda majumba marefu, na mwaka 1895 kampuni hiyo akaiuza kwa Otis. Na katika lifti ndipo alipopata wazo lake la pili kubwa. Lifti nyingi zaweza kuongozwa kutoka mahali pamoja. Kwa nini isiwe hivyo kwa magari ya treni? Badala ya injini moja nzito kuvuta mabehewa maiti, kila behewa liwe na mota zake kwenye vitako vyake, na dereva mmoja, akiwa mbele, aziongoze zote pamoja kwa waya mwembamba.

Mwaka 1897 kampuni ya reli ya juu ya kusini mwa Chicago ilimpa kazi hiyo ya mabehewa 120, nayo ilimtaka aweke dhamana ya dola 100,000. Mwezi wa Julai mwaka huo, Schenectady, alifanya onyesho. Aliyeketi penye usukani wa treni alikuwa mtoto wake Desmond, mwenye miaka kumi. Mwaka 1898 Chicago ikaanza kuzitumia. London, Paris, New York, reli zote za chini ya ardhi zimekwenda kwa njia hiyo. Na sisi wa Afrika Mashariki twaijua sasa kwa karibu: treni iitwayo Mchongoko, iliyoanza safari baina ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, haina injini ya kuivuta. Mota zake zimo chini ya mabehewa.

MWISHO WAKE

Kampuni yake hiyo aliiuza kwa General Electric mwaka 1902. Alishughulika na kuingiza umeme katika stesheni kuu ya New York, ambako yeye na mhandisi William Wilgus walibuni reli ya tatu inayoguswa kwa chini, iliyofunikwa juu ili barafu na miguu ya watu isiifikie. Wakati wa vita vya kwanza alikuwa katika bodi ya washauri wa jeshi la majini, na mwenyekiti wa bodi hiyo alikuwa, nani tena, Edison. Mzee wa zaidi ya miaka sabini, alikuwa bado akifanya majaribio ya lifti mbili ndani ya shimo moja, ya haraka juu na ya taratibu chini.

Alifariki New York tarehe 25 Oktoba, 1934, akiwa na miaka 77, akazikwa Arlington, katika makaburi ya askari, kwa kuwa jeshi halikusahau kwamba aliwahi kuwa baharia wake. Mkewe wa pili, Harriet, mwanamke aliyependa vitabu, hakuridhika. Mwaka 1947 alichapisha kitabu kidogo cha kumtetea mumewe dhidi ya uzushi wa kwamba kazi ile ilikuwa ya Edison. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Novemba 1949, Richmond iliendesha tramu yake ya mwisho. Magari mengi yalitiwa moto ili kuondoa mbao, na vyuma vilivyobaki vikauzwa kwa uzito.